Mwaka 146 Kabla ya Kristo: Mji Uliotii Kila Amri

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya walimu wa historia, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi waliopata nafasi ya kuja. Waliokosa wameomba waipate yote, nami naiandika kama nilivyoisema. Ramani na picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana wangu mlioacha mpira siku ya Jumamosi mkaja kusikiliza habari za watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, karibuni sana. Nimefurahi kuwaona.

Nianze na swali, na kila mtu ajijibu moyoni. Neno hili Afrika, tunalolitamka kila siku, tunalojivunia, tunalogombana kwa ajili yake, tumelitoa wapi?

Warumi waliwaita wenyeji wa eneo la kaskazini mwa Tunisia ya leo Afri. Ardhi yao wakaiita Africa. Neno hilo walikuwa nalo midomoni tangu zamani. Jemadari Scipio aliyemshinda Hannibal alipewa jina la sifa, Africanus. Lakini mwaka 146 Kabla ya Kristo jina hilo liliacha kuwa la mdomoni tu. Likawa jina la jimbo la Roma, lenye gavana, lenye kodi, lenye mpaka uliochimbwa ardhini kwa handaki. Na jimbo hilo lilisimamishwa juu ya majivu ya mji. Ndugu zangu, majivu hayo yalikuwa bado na moto.

Mji huo ni Karthago. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Roma iliuteketeza mji mwingine, Korintho, fahari ya Ugiriki. Mwaka mmoja, miji miwili. Leo nataka tukae na mwaka huo mmoja tu.

Karthago ilikuwa nini? Ilianzishwa na Wafoinike, mabaharia wa Tiro, mji uliopo Lebanoni ya leo. Mapokeo yanataja mwaka 814 Kabla ya Kristo. Wenyewe waliuita Qart-hadasht, maana yake Mji Mpya. Lugha yao ilikuwa ndugu wa Kiebrania na Kiarabu, na hapa naomba masikio yenu. Lile neno hadasht, jipya, shina lake ndilo shina la neno la Kiarabu hadith, ambalo ni jipya na pia ni habari. Nasi tukalipokea tukasema hadithi. Kwa hiyo mkisikia jina la mji ule, msidhani ni la watu wa mbali kabisa. Kuna tone lake katika kinywa cha kila bibi anayeanza na paukwa pakawa.

Kabla ya mwaka ule, mji huo ulipigana na Roma mara mbili. Vita ya kwanza ilianza 264 ikaisha 241, ugomvi ukiwa kisiwa cha Sisilia. Ya pili ilianza 218 ikaisha 201, na hiyo ndiyo ya Hannibal, jemadari wa Karthago, na tembo wake na milima ya Alps. Hannibal mnamjua. Leo simzungumzii yeye. Nawazungumzia wajukuu zake.

Jambo la kwanza ninalotaka tulitazame ni utii. Ndiyo, utii. Tumezoea kufundisha kwamba Karthago iliangamizwa kwa sababu ilikuwa adui mkali. Mimi nilifundisha hivyo miaka mingi. Lakini tazameni ilikuwaje.

Mwaka 201 walitia saini masharti ya Roma. Meli za vita zibaki 10. Tembo wote watolewe. Wasipigane vita na mtu yeyote, hata jirani, bila ruhusa ya Roma. Na walipe fidia ya talanta 10,000 kwa miaka 50, yaani talanta 200 kila mwaka. Talanta mnaijua kutoka kwenye Injili. Talanta moja ya aina waliyolipa ilikuwa fedha ya kilo 26 hivi. Kwa hiyo kila mwaka zaidi ya tani 5 za fedha zilivuka bahari kwenda Roma.

Wahenga wetu walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Karthago waliubusu mkono huo miaka 50. Walilipa. Walipeleka ngano kulisha majeshi ya Roma yaliyokuwa yakipigana Ugiriki na Asia. Mwaka 191 wakasema, tuna uwezo sasa, tulipe deni lote lililobaki kwa mkupuo mmoja. Mnajua Roma walijibu nini? Walikataa. Mdaiwa anasema nakulipa chote leo, mdai anasema hapana, endelea kunilipa kidogo kidogo. Kwa nini mtu akatae fedha yake? Kwa sababu deni lile halikuwa fedha. Lilikuwa kamba.

Na jirani alikuwepo. Masinissa, mfalme wa Numidia, alikuwa rafiki wa Roma tangu vita ya Hannibal, na mapatano ya 201 yalimpa haki ya kudai ardhi iliyokuwa yake au ya wazee wake. Ardhi ipi? Mpaka hadi wapi? Hayakusema wazi. Basi Masinissa akawa anadai, na akishadai anachukua. Leo mashamba, kesho mji wa pwani. Karthago hawaruhusiwi kupigana, kwa hiyo wanapeleka mashtaka Roma. Roma inatuma wajumbe kuchunguza. Wajumbe wanakuja, wanasikiliza, wanarudi, na ardhi inabaki kwa Masinissa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wazazi waliopo hapa waliowahi kuwa na kesi ya kiwanja wanajua uchungu wa jambo hilo bila kuelezwa.

Katika msafara mmoja wa wajumbe hao alikuwemo mzee Cato, seneta wa Roma. Alikwenda akitarajia kuona mji uliochoka. Akakuta bandari imejaa, masoko yamejaa, mashamba ya zabibu, zeituni na tini yamenawiri. Alirudi Roma na hofu. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasimulia kwamba siku moja katika Seneti Cato alikung'uta vazi lake, tini za Afrika zikaanguka sakafuni. Maseneta wakastaajabu jinsi zilivyokuwa kubwa na nzuri. Akawaambia, nchi inayozaa matunda haya iko safari ya siku tatu tu kwa meli. Tangu hapo kila alipotoa hoja, hata kama ilihusu jambo jingine kabisa, alimalizia kwa kusema kwamba Karthago ni lazima iangamizwe.

Wanafunzi wangu, mmesikia kosa la Karthago hapo? Cato hakuonyesha panga. Alionyesha tini. Kosa lao lilikuwa kwamba walisimama tena baada ya kuangushwa.

Kulikuwa na mtu aliyempinga. Anaitwa Scipio Nasica. Yeye alisema Karthago iachwe, kwa sababu watu wa Roma wasipokuwa na wa kumwogopa watageukiana wenyewe. Mshikeni jina hilo, Nasica. Nitamrudia.

Miaka 50 ya fidia ikaisha, mwaka 151. Karthago wakahesabu kwamba wamekuwa huru. Masinissa akaja tena, na safari hii wakachoka, wakatoka kupigana naye. Wakashindwa vibaya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Panzi wawili wa Afrika wamepigana, na kunguru yuko ng'ambo anatazama: mmevunja mapatano, mmepigana bila ruhusa.

Mwaka 149 Roma ikatangaza vita, jeshi likavuka. Na Karthago walifanya nini? Walitii tena. Wakatuma watu kuuliza, mnataka nini tuokoe mji wetu? Wakaambiwa, leteni watoto 300 wa familia kubwa wawe rehani. Appian, mwanahistoria wa Kigiriki, anaeleza mama zao walivyozishikilia kamba za meli bandarini wasikubali ziondoke. Watoto wakaenda. Wakauliza, kuna jingine? Wakaambiwa, leteni silaha zote. Wakapakia kwenye magari ya kukokotwa: kwa hesabu ya Appian, mavazi ya vita ya watu 200,000 na mitambo 2,000 ya kurushia mawe. Wakazikabidhi kambini. Wakauliza, je, sasa?

Hapo ndipo konsuli, mmoja wa wakuu wawili wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, akawapa amri ya mwisho. Uhameni mji, tuubomoe. Mnaweza kujenga mwingine popote mpendapo katika nchi yenu, mradi uwe kilomita 15 kutoka baharini.

Ninyi mliozaliwa pwani, nisaidieni. Mtu ambaye babu wa babu yake alikuwa baharia, umwambie akakae asikoona maji, huo ni uhai wa namna gani? Tena bila makaburi ya wazee wake na bila mahekalu yake. Na anayeamriwa ameshatoa watoto, ameshatoa silaha.

Nimesema walitii kila amri. Hiyo moja hawakuitii.

Walifunga malango. Wakawapa watumwa uhuru. Mahekalu yakageuzwa viwanda vya wahunzi, wanaume na wanawake wakafanya kazi kwa zamu usiku na mchana. Kila siku walitoa ngao 100, panga 300, mikuki 500 na vyuma 1,000 vya kurusha kwa mitambo. Mitambo mipya ilihitaji kamba ngumu, na kamba hazikuwepo. Wanawake wa Karthago wakakata nywele zao zikasokotwa kamba.

Mji usio na silaha ulijilinda miaka mitatu dhidi ya jeshi lililokuwa limewashinda wafalme wa Makedonia na Shamu. Miaka mitatu, ndugu zangu! Miaka miwili ya mwanzo makonsuli wa Roma walikuja na kushindwa, wakaja wengine wakashindwa. Cato alikufa 149, hakuuona mwisho wake. Masinissa akafa 148 akiwa na miaka 90 hivi. Hatimaye Roma ikamchagua Scipio Aemilianus, mjukuu wa kulea wa yule Scipio Africanus, ingawa umri wake ulikuwa haujafikia ule wa kisheria wa kuwa konsuli.

Scipio akajenga boma la mawe baharini kuufunga mlango wa bandari. Watu wa Karthago, pamoja na wanawake na watoto, wakachimba kwa siri mlango mwingine unaotazama bahari kuu, na kwa mbao kuukuu wakaunda meli 50. Siku moja asubuhi Warumi wakaona meli zinatoka mahali ambapo palikuwa ukuta. Walipigwa na butwaa, na meli zao hazikuwa tayari. Lau Karthago wangeshambulia saa ile! Hawakushambulia. Walizunguka, wakajionyesha, wakarudi ndani. Siku ya tatu walipotoka kupigana, Warumi walikuwa wamejipanga. Kila ninapofika hapo moyo unaniuma, kana kwamba naweza kuwapigia kelele.

Majira ya kuchipua ya mwaka 146, njaa ikiwa imeshaua wengi, Warumi wakaingia kupitia bandarini. Kutoka sokoni hadi kilima cha Byrsa, moyo wa mji, zilipanda njia tatu nyembamba, na pande zote nyumba za ghorofa sita. Kila nyumba ikawa ngome. Warumi walitandika mbao kutoka dari hadi dari, wakapigana juu na chini kwa wakati mmoja. Scipio akaamuru nyumba zitiwe moto, kisha kifusi kisawazishwe ili askari wapite. Wazee, wanawake na watoto waliokuwa wamejificha ndani wakaanguka pamoja na kuta. Siku sita, usiku na mchana, askari wakipokezana ili wasichoke kuua.

Siku ya saba wakatoka watu na matawi ya hekaluni kuomba waachiwe uhai tu. Wakatoka 50,000, wakapelekwa utumwani. Hekaluni wakabaki watoro wa jeshi la Roma wapatao 900, ambao walijua hawana msamaha, na Hasdrubal jemadari wa mji, na mkewe na watoto wao wawili. Hasdrubal akateleza kwa siri, akampigia magoti Scipio. Mkewe akasimama juu ya hekalu linalowaka, akamlaani mume wake mbele ya majeshi yote mawili, akawaua wanawe, akajitupa motoni. Jina lake Warumi na Wagiriki hawakuliandika. La mumewe waliliandika.

Na hapa kuna kisa kinachosimuliwa sana. Scipio alisimama akautazama mji unaungua, akalia. Akatamka aya za mshairi Homer zinazosema siku itakuja ambapo Troia takatifu itaangamia. Kando yake alikuwepo mwanahistoria Polybius, mwalimu na rafiki yake. Akamuuliza maana yake nini. Scipio akamshika mkono, akamwambia anaogopa kwamba siku moja amri kama ile itatolewa juu ya nchi yake yeye.

Nimesoma watu wengi wanaoyasifu machozi hayo. Nami siamini kwamba yalikuwa ya uongo. Lakini naomba tuulize: alimlilia nani? Chini ya kilima watu 50,000 wanaswagwa kuingia utumwani. Yeye aliililia Roma.

Twende Korintho.

Miaka 50 kamili kabla yake, mwaka 196, karibu na Korintho, kwenye michezo ya Isthmia, jemadari wa Roma aitwaye Flamininus alisimamisha mpiga mbiu uwanjani atangaze kwamba Wagiriki wako huru, bila majeshi ya kigeni, bila kodi, chini ya sheria zao wenyewe. Watu hawakuamini, wakataka itangazwe mara ya pili. Plutarch anasema kelele za shangwe zilikuwa kubwa hata kunguru waliokuwa wakipita juu wakaanguka uwanjani. Fikirini furaha ya namna hiyo.

Na uhuru huo? Ulikuwa uhuru wa kufanya yale Roma inayoyapenda. Mwaka 167, baada ya kuimaliza Makedonia, Roma iliwachukua watu mashuhuri 1,000 wa Shirikisho la Akaya, muungano wa miji ya kusini mwa Ugiriki, kwa kuwatilia shaka tu. Wakawekwa Italia miaka 17 bila kesi. Polybius alikuwa mmoja wao. Waliporuhusiwa kurudi walikuwa wamebaki 300 hivi, na Cato huyuhuyu wa tini alisema Seneti imekaa kutwa nzima kujadili kama vizee fulani vya Kigiriki vizikwe na wachimba kaburi wa Italia au wa Akaya.

Mwaka 147 wajumbe wa Roma wakafika Korintho wakaliambia Shirikisho liiachie Sparta itoke, na si Sparta tu, Korintho yenyewe na Argos pia zitoke. Yaani likatwe vipande. Watu wakaghadhibika, wajumbe wakazomewa. Viongozi wa Akaya wakaingia vitani kwa hasira bila maandalizi. Polybius, Mwakaya mwenzao, anawalaumu kwa maneno makali kuliko anavyomlaumu mtu yeyote wa Roma. Jeshi lao likasambaratishwa, wakalijazia watumwa 12,000 waliopewa uhuru haraka haraka, na konsuli Lucius Mummius akalivunja hapo Isthmo, ukanda mwembamba wa nchi kavu karibu na Korintho. Siku ya tatu akaingia mjini. Waliokutwa wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa, mji ukatiwa moto.

Karthago walitii miaka 50, wakaangamizwa. Korintho wakapayuka mwaka mmoja, wakaangamizwa. Walimu wenzangu, mnaona kwa nini nasisitiza mwaka huu ufundishwe pamoja, kurasa mbili zikitazamana? Ukisoma Karthago peke yake utasema kosa lao lilikuwa unyonge. Ukisoma Korintho peke yake utasema kosa lao lilikuwa kiburi. Ukizisoma pamoja unaona kwamba uamuzi haukutegemea tabia ya aliyeamuliwa.

Polybius alifika Korintho wakati huo. Ameacha ushahidi wa macho yake: michoro ya wachoraji wakuu wa Ugiriki imetandazwa chini, askari wanachezea kete juu yake. Mmoja ulikuwa wa Aristeides, ukimwonyesha mungu Dionysus. Mfalme Attalus wa Pergamo alipotaja bei kubwa aununue, Mummius akashtuka, akadhani una nguvu fulani asiyoijua, akaupeleka Roma. Inasimuliwa pia kwamba aliwaonya wasafirishaji wake kwamba wakipoteza sanamu hizo za kale, watalazimika kulipa nyingine mpya badala yake. Miaka mia moja baadaye Cicero, Mrumi halisi, aliandika kwamba angependa Korintho isingeangamizwa.

Hapa niseme jambo kuhusu chumvi. Vitabu vingi vinaeleza kwamba Warumi walimwaga chumvi kwenye mashamba ya Karthago yasiote tena. Nami niliwahi kuliandika ubaoni. Hakuna mwandishi wa zamani hizo aliyelisema. Ni nyongeza ya watu wa karne za karibuni. Ardhi ile ilikuja kuilisha Roma ngano kwa mamia ya miaka. Tuiondoe chumvi katika masomo yetu, kwa sababu inaficha kilichofanyika kweli, ambacho ni kibaya kuliko chumvi.

Kilichofanyika ni hiki. Karthago ilikuwa na maktaba. Mji wa miaka zaidi ya 600, wenye mabaharia, wanasheria, makuhani. Mwandishi Mrumi Pliny anaeleza Seneti ilivyoamua: vitabu vyote vigawiwe wafalme wadogo wa Afrika, isipokuwa kimoja kitafsiriwe Kilatini. Kimoja! Kilikuwa kitabu cha Mago, chenye sehemu 28, kinachohusu kilimo. Namna ya kupanda mizabibu, kuchagua ng'ombe, kutunza mizeituni na nyuki. Walitaka kujua zile tini zinalimwaje.

Vilivyogawiwa vikapotea. Hata cha Mago tunacho vipande tu katika maandishi ya wengine. Kwa hiyo kila nilichowasimulia leo kuhusu Karthago, nywele za wanawake, watoto 300, meli 50, kimetoka kwa Wagiriki na Warumi. Hatuna ukurasa mmoja wa Mkarthago akieleza mwaka ule. Tunacho walichoandika kwenye mawe: majina ya watu, ya miungu yao, nadhiri zao. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta kwenye mteremko wa Byrsa nyumba za enzi za Hannibal, kuta na mitaa na matangi ya maji ya mvua chini ya sakafu, zimehifadhika kwa sababu Warumi waliokuja baadaye walizifukia kwa udongo walipokisawazisha kilima. Mji ulitunzwa na kifusi chake.

Niliahidi kumrudia Nasica, yule aliyesema Roma ikikosa wa kumwogopa itajigeukia. Katika jeshi la Scipio pale Karthago alikuwemo kijana Tiberius Gracchus, shemeji yake. Plutarch anasema alikuwa wa kwanza kuupanda ukuta wa adui. Mwaka 133, miaka 13 tu baadaye, kijana huyo akiwa mtetezi wa wananchi alitaka maskini wa Italia wagawiwe mashamba ya umma. Maseneta wakamuua kwa magongo na miguu ya viti, katikati ya Roma, pamoja na watu zaidi ya 300, na maiti wakatupwa mtoni Tiber. Aliyeliongoza kundi la wauaji anaitwa Scipio Nasica. Ni mtoto wa yule aliyeonya.

Na miji je? Mwaka 44 Julius Caesar aliamua yote miwili ijengwe upya. Korintho mliyoisoma kwenye nyaraka za Mtume Paulo, ile yenye magomvi na makundi, ndiyo hiyo mpya ya Kirumi. Haikuwa imefikisha hata miaka 100 Paulo alipoingia. Karthago mpya ilisimama chini ya Kaisari Augustus, ikawa miongoni mwa miji mikubwa ya magharibi ya dola. Hapo ndipo Perpetua na Felisita walipouawa kwa imani yao mwaka 203 Baada ya Kristo. Hapo ndipo Agostino alipokuja kusoma akiwa kijana. Waarabu walipoitwaa mwaka 698 waliiita nchi ile Ifrikiya, na Wazungu nao wakalitandaza jina lile la jimbo dogo hadi likalifunika bara zima, hadi likatufikia sisi.

Mwaka 1985 meya wa Roma na meya wa Karthago walitia saini mkataba wa kumaliza vita. Mwaka 146 haukutiwa saini mkataba wowote, kwa kuwa upande mmoja hapakubaki mtu wa kushika kalamu.

Kijana yeyote hapa akijaliwa kufika Tunis, apande treni ndogo iendayo pwani. Itampitisha kituo kiitwacho Byrsa, na kingine kiitwacho Hannibal. Kabla ya hivyo ashuke kile cha Salammbô, atembee kidogo kuelekea baharini. Atakuta kati ya nyumba za watu dimbwi la maji la mviringo, na kisiwa kidogo katikati. Hiyo ndiyo bandari ya vita ya Karthago, zilikolala meli zao. Maji bado yamo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.